Sentensi ya Kufungua

Jina la nchi yetu sitalitaja, na wala si kwa woga. Jina lenyewe lipo kwenye kamati. Lilipelekwa huko mwaka juzi likaboreshwe, na kamati imeomba iongezewe muda, kwa hiyo kwa sasa tunaiita Nchi tu, na tunaelewana vizuri. Ni nchi ya amani na mabango. Ukikuta bango limeandikwa "Hapa Litajengwa Daraja", ujue umefika mtoni. Vua viatu, uvuke.

Mimi naitwa Yoramu, karani wa masjala katika Idara ya Vyuo vya Wananchi. Masjala, kwa yeyote ambaye hajawahi kuzungushwa na serikali, ni chumba ambamo barua huingia, hupewa namba, hutiwa kwenye jalada na kuanza kusubiri. Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa na sijapoteza hata jalada moja. Nalisema hili mapema kwa sababu mbele nitaeleza jambo baya nililolifanya, na nisingependa mnihukumu kabla hamjajua kwamba mimi ni mtu makini.

Vyuo vyenyewe vilikuwa arobaini na kimoja. Vilijengwa zamani, wakati viongozi walipokuwa bado wanatembea kwa miguu, na vilikuwa na tabia moja ya ajabu: havikuuliza cheti. Aliyeishia darasa la tano aliingia. Aliyefukuzwa na mume aliingia. Mwenye mtoto mgongoni aliingia, mtoto akapelekwa chumba cha watoto akapewa uji, na mama akaenda kujifunza uashi, useremala, ushonaji au umeme wa majumbani. Wasiojua kusoma walifundishwa kusoma kwanza, asubuhi kabla ya kwenda karakana. Watu waliingia wakiweka dole gumba, wakatoka wakiweka saini.

Mkurugenzi wa vyuo vyote hivyo alikuwa Bi. Hidaya Mkwizu. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha bweni zima, na alivaa viatu vya ngozi vilivyoshonwa na wanafunzi wake, kimoja kikubwa kidogo kuliko kingine. Maishani alijivunia jambo moja tu: katika miaka yake ishirini na miwili ya ukurugenzi, hakuna chuo kilichowahi kupitisha tarehe yake ya kufunguliwa. Mwaka wa mafuriko, barabara ya kwenda chuo cha Mikaratusi ilikatika. Akavuka maji kwa miguu, daftari la mahudhurio kichwani, akafika ameloa mpaka kifuani, akawakuta wanafunzi kumi na mmoja wamekaa juu ya madawati. Akaita majina, wakaitika, chuo kikawa kimefunguliwa.

Ndivyo chuo kilivyofunguliwa kwetu, bila utepe wala ngoma. Mwanafunzi anakuja na godoro, ndoo, jembe na fagio la chelewa. Anayefungua anasimama na daftari, anaita jina, mwenye jina anajibu "Nipo". Jina la mwisho likishaitikiwa, basi, tumefungua, na watu wanaanza kufagia.

*

Ndipo yakaja Mageuzi.

Yaliletwa na Waziri mpya, Mheshimiwa Dakta Bashasha, mtu mchangamfu kiasi kwamba hata kwenye mazishi walinzi wake hulazimika kumgusa ubavuni apunguze tabasamu. Alituita watumishi wote uwanjani. Sisi tulisimama juani, yeye alisimama hemani, akasema:

"Ndugu watumishi! Mageuzi ni nini? Mageuzi ni kugeuka! Nchi iliyokuwa inatazama kule, sasa itatazama huku. Na tutaanza na sisi wenyewe. Kuanzia kesho, kila mtumishi ageuze meza yake!"

Tulidhani ni lugha ya picha. Kesho yake ukaja Waraka wa Mageuzi Namba Moja, una mhuri: meza zote za serikali zigeuzwe, zilizokuwa zinatazama mlango zitazame ukuta. Tukageuza. Tangu siku hiyo mwananchi akiingia ofisini anakuta mgongo. Anausalimia mgongo, anaueleza shida yake, nao mgongo unamwambia aje wiki ijayo. Baada ya mwezi mmoja ilifanyika tathmini, ikabainika kwamba malalamiko yamepungua sana, kwa kuwa maofisa hawakuwa wanawaona tena walalamikaji.

Bi. Hidaya peke yake hakugeuza. Alisema meza yake ina mguu uliofungwa kwa waya, ikisogezwa itaanguka. Ilikuwa kweli, mimi ndiye niliyeufunga ule waya. Lakini kwenye jalada lake iliandikwa kwamba ni mtu asiyegeuka.

*

Sasa nieleze neno moja, maana balaa lote lilipitia humo.

Kwetu, chuo kikienda likizo tunasema kimefungwa. "Mmefunga lini?" "Tumefunga Ijumaa." Wala hakuna anayelia, mtoto hurudi nyumbani anaruka ruka, tumefunga, tumefunga! Kila mwezi wa Juni, miaka yote, wizara ilituandikia barua ya sentensi mbili. Ya kwanza: Vyuo vyote vifungwe ifikapo tarehe 12 Juni. Ya pili: Vyuo vitafunguliwa tarehe 6 Julai. Mimi huipokea, huipa namba, huandaa barua arobaini na moja za kwenda vyuoni, Bi. Hidaya husaini, tunakunywa chai.

Mwaka ule wa Mageuzi barua ikaja, wiki ileile, karatasi ileile, mhuri uleule. Vyuo vyote vifungwe ifikapo tarehe 12 Juni. Kisha saini ya Katibu Mkuu. Sentensi ya pili haikuwepo.

Nawaambieni nilichofikiri, kwa uaminifu wote. Nilifikiri mchapaji amesahau. Nilimhurumia. Nilijisemea, maskini, sasa hivi anachapa akiwa ameupa mlango mgongo, kichwa kimejaa nyaraka, ameruka mstari. Nikalifungua jalada la mwaka uliopita, nikaichukua ile sentensi ya kufungua, nikaiweka mahali pake kwenye barua zetu zote. Sikumwuliza mtu. Ukiona kamba ya kiatu cha mtoto imelegea unaikaza tu, huombi kibali.

Bi. Hidaya akasaini zote, moja baada ya nyingine, kwa wino wa bluu. Barua zikaenda.

*

Siku ya kufunga nilifuatana naye Mikaratusi kukusanya madaftari ya mahudhurio.

Wanafunzi wa uashi pale walikuwa wanajenga bwalo la kulia chakula. Waliifanya kazi hiyo kwa mihula minne kama sehemu ya masomo, na kuta zilikuwa zimefika kwenye linta. Juu ya jukwaa la mbao alikuwapo Nyamizi Kasele, mama wa watoto wanne, miaka thelathini na tisa, anapiga plasta kwenye pembe. Alikuwa amebakiza muhula mmoja afanye mtihani wa ufundi apate cheti. Mkandarasi wa mjini alishamwambia: lete cheti, kazi ipo. Alipotuona akashuka, na pale alipokuwa, kwenye plasta mbichi, tukaona ameandika jina lake kwa msumari. Herufi ya kwanza ilitazama upande usio wake.

"N yako imegeuka," alisema Bi. Hidaya.

"Si ndiyo mageuzi hayo, Mama."

Tulicheka sana. Kisha Nyamizi akafuta mikono kwenye kanga aliyoifunga juu ya suruali, akaacha kucheka.

"Mama, nikuulize. Huko sokoni watu wanasema mengi. Hivi tunafunga, au tunafungwa?"

Bi. Hidaya akatoa barua mkobani. "Siku hizi unajua kusoma. Soma mwenyewe."

Nyamizi akasoma kwa kidole, kwa sauti, wenzake wamemzunguka na miko mikononi. "Vyu-o vi-ta-fu-ngu-li-wa ta-re-he si-ta Ju-la-i." Alipomaliza wakapiga makofi, sijui kwa ajili ya tarehe au kwa ajili ya kusoma.

"Na hii hapa chini ni nini?"

"Saini yako, Mama."

"Basi."

Nyamizi akaenda stoo akautundika mwiko wake kwenye msumari, na pimamaji kando yake, kwa kuwa hakuna haja ya kubeba chombo unachokirudia baada ya wiki tatu. Nilimwona akiutundika. Nilijisikia fahari, maana ile sentensi aliyoisoma niliiweka mimi.

*

Tarehe ishirini Juni, taarifa ya habari ya saa saba, Waziri alimpongeza Mkurugenzi wa Vyuo vya Wananchi "kwa kuvifunga vyuo vyote moja kwa moja, kwa amani na utulivu, bila mwananchi hata mmoja kulalamika."

Bi. Hidaya alikuwa anakula andazi. Akaliweka chini.

"Yoramu. Amesema moja kwa moja?"

"Amesema, Mama."

"Niletee barua ya wizara. Ya kwao, si yetu."

Nikaileta. Akaisoma ile sentensi moja. Akaigeuza karatasi akatazama nyuma, huenda kuna kitu. Kisha akanitazama mimi, na nikajua amejua. Laiti angenigombeza. Aliinuka tu, akachukua mkoba, akasema, "Zimebaki siku kumi na sita. Twende tukaitafute sentensi yetu."

Tuliizunguka wizara nzima. Kwenye Kitengo cha Tija mgongo mmoja mpana ulitueleza kwamba wao ni wa kufunga, masuala ya kufungua yana kitengo chake, ghorofa ya tatu. Tukapanda. Kitengo cha Kufungua kilikuwa na kufuli mlangoni, na karatasi iliyoandikwa: KIMEFUNGWA KUPISHA MAGEUZI. Tukashuka. Ghorofa ya pili mgongo mwingine, wa mama mmoja aliyesoma na Bi. Hidaya tangu utotoni, ulitikisika kidogo uliposikia sauti yake. "Hidaya, mwenzangu, usinifanye nigeuke," mgongo ukasema. "Nina mwaka mmoja nistaafu." Bi. Hidaya akaugusa bega, tukaendelea.

Mwisho tukafika kwa Mtaalamu Mwelekezi, bwana wa suti ya kijivu ambaye ndiye aliyeyaandika Mageuzi. Yeye alikuwa anatazama mlango, kwa sababu mkataba wake ulisainiwa kabla ya Waraka Namba Moja. Alitukaribisha kwa adabu zote.

"Mama, naomba unielewe," alisema. "Mimi binafsi navipenda vyuo vyako. Tatizo lake ni moja. Watu wanaingia hawana elimu, wanatoka wanajua kujenga nyumba. Sasa hao ni akina nani? Jedwali la Taifa lina safu mbili: Waliosoma na Wasiosoma. Tumejaribu kuwaingiza huku, hawaingii. Kule, hawaingii. Wanaharibu jumla."

"Ongeza safu ya tatu."

"Safu ya tatu inahitaji mageuzi ya jedwali. Hayo ni ya awamu ya pili."

"Na mpaka hiyo awamu, watu wangu wako wapi?"

"Wako kwenye tanbihi, Mama. Ukurasa wa mia mbili na tatu, chini kabisa. Tumewataja vizuri sana."

Bi. Hidaya aliinama. Miguu ilikuwa inamuuma, nilimwona akikivua kile kiatu kidogo chini ya kiti. "Kuna mwanamke anaitwa Nyamizi," alisema. "Amebakiza muhula mmoja. Mmoja tu."

Yule bwana akachukua kalamu akaandika: Nyamizi, muhula mmoja. Akamshukuru kwa mchango wake.

*

Siku ya tisa ya kuzunguka tuliitwa sisi. Mkuu wa chuo kimoja, mtu wa utaratibu, alikuwa ameandika kwamba amepokea agizo la kufungua tarehe sita Julai na ameshaloweka mbegu za bustani, nakala kwa Katibu Mkuu. Nakala ikafika, na ilikuwa barua ya kwanza kufika haraka tangu Mageuzi yaanze.

Kwenye chumba cha mikutano walikaa viongozi watano, wote wanatazama ukuta. Waziri peke yake alikuwa amegeuza uso, kwa sababu hapendi kutabasamu mahali pasipo na watu. Mimi nilisimama mlangoni na jalada.

"Bi. Hidaya, mama yangu," alisema Waziri. "Serikali ilisema vifungwe. Barua yako inasema vitafunguliwa. Hii sentensi imetoka wapi?"

Hapa ndipo mtu makini, mwenye miaka kumi na tisa bila kupoteza jalada, angesema ni mimi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Naapa nilikuwa nimeufungua.

"Ni yangu," alisema Bi. Hidaya. "Saini si hiyo hapo?"

Nikaufunga.

"Kosa la uchapaji, bila shaka!" alisema Waziri kwa furaha. "Hutokea. Basi utaandika barua nyingine vyuoni, useme sentensi ile iliingia kimakosa. Sisi nasi tutakuenzi. Tunaanzisha Kituo cha Taifa cha Tafakuri ya Mageuzi, kinahitaji mkuu. Ofisi ina kiyoyozi na meza mpya, imeshageuzwa tayari."

"Mheshimiwa," alisema Bi. Hidaya, "wapo watu ambao hiyo ndiyo sentensi ya kwanza kuisoma wenyewe mbele za watu. Siwezi kuwaandikia kwamba ina makosa. Haina makosa. Kiima kipo, kiarifu kipo, tarehe ipo. Kilichobaki ni ninyi kuitimiza."

Waziri alicheka mpaka akatoa kitambaa. Jioni redio ikatangaza kwamba Bi. Hidaya Mkwizu atapangiwa kazi nyingine. Katika Nchi yetu hakuna anayefukuzwa. Watu hupangiwa kazi nyingine, na wapo wazee waliotangaziwa hivyo tangu enzi za rais wa kwanza, wamekaa barazani wanaisubiri.

Asubuhi nikamkuta anapanga vitu vyake kwenye boksi. Nikasema, "Mama, ile sentensi..."

"Niliisaini bila kulinganisha na barua ya wizara," alinikatiza. "Kulinganisha ni kazi ya mkurugenzi. Wewe una watoto watatu shuleni. Nyamaza, nifungie hili boksi."

Nikalifunga. Nililia nikilifunga, na sioni haya kusema.

*

Serikali yetu haipendi kuonekana imesema uongo, hata uongo ambao haikuusema. Tarehe sita Julai ilikuwa imeshaandikwa kwenye barua arobaini na moja, na barua zilikuwa zimeshasomwa. Waziri akaagiza siku hiyo kifunguliwe kitu. Likatafutwa la kufungua, likapatikana lile bwalo la Mikaratusi. Kampuni ya mjini ikalimalizia mbio mbio, ikatia vioo na vigae, likawa ndilo Kituo cha Taifa cha Tafakuri ya Mageuzi. Redio ikatangaza wiki nzima: tarehe sita Julai, Mheshimiwa Waziri atafungua, katika Chuo cha Wananchi Mikaratusi, na kadhalika na kadhalika. Watu walisikia tarehe, wakasikia atafungua, wakasikia Mikaratusi. Yaliyobaki hawakuyahitaji.

Wakaja. Zaidi ya mia mbili, wengine wametembea siku mbili, godoro kichwani, jembe begani, ndoo mkononi na fagio la chelewa ndani ya ndoo. Mbele yao Nyamizi.

Waziri alipowaona alishika kifua. "Tazameni mwitikio wa wananchi! Wamekuja na mafagio yao wenyewe!" Mtangazaji akaeleza hewani kwamba wananchi wamebeba hadi magodoro, tayari kulala palepale ili wasikose tukio. Wakapangwa nyuma ya kamba.

Nilimsikia Nyamizi akimwuliza askari, "Kaka, stoo imehamia wapi? Nina mwiko wangu humo." Askari hakujua stoo ni nini. Ilikuwa imevunjwa kupisha maegesho ya magari. Nyamizi akatazama huku na huku, kisha akaiona pembe yake, imefunikwa vigae vyeupe mpaka juu. Akapita chini ya kamba akaenda kuushika ukuta kwa kiganja, pale palipokuwa na jina. Askari alimwacha, akidhani anaufuta vumbi.

Kwenye ratiba kulikuwa na kipengele: Neno la Shukrani, Mkurugenzi wa Vyuo, dakika tatu. Ratiba ilipigwa chapa kabla hajapangiwa kazi nyingine, na katika Nchi yetu ratiba ikishapigwa chapa haiguswi. Katiba tumeibadilisha mara nane, ratiba hatujawahi. Kwa hiyo Bi. Hidaya aliitwa, na alikuja, na viatu vyake vilevile.

Lazima niseme pia kwamba kwetu hotuba huanza kwa itifaki. Msemaji huwataja wakubwa waliopo mmoja mmoja, na hakuna anayethubutu kumkatiza mtu akiwa kwenye itifaki, kwa sababu huwezi kujua jina linalofuata ni la nani.

Bi. Hidaya akashika kipaza sauti kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akatoa mkobani daftari la mahudhurio.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, naomba nizingatie itifaki."

"Zingatia, mama yangu, zingatia!"

"Ndugu Abeli Chinguwile."

Nyuma ya kamba mtu akateremsha godoro, akasimama wima. "Nipo."

"Ndugu Chiku Lupembe."

"Nipo, Mama."

"Ndugu Edina Swila."

"Nipo."

Waziri alipiga makofi kila jina, akidhani ni wafadhili. Kwenye jina la thelathini makofi yalilegea. Kwenye la sitini tabasamu lilimtoka, na ilikuwa mara ya kwanza sote kuyaona meno yake yakiwa yamepumzika. Msimamizi wa shughuli akatazama saa, akamtazama Katibu Mkuu. Katibu Mkuu akatazama mawingu. Nani angekatiza itifaki?

"Ndugu Nyamizi Kasele."

Hakuitika mara moja. Alikuwa bado pale ukutani.

"Ndugu Nyamizi Kasele."

"Nipo," alisema. "Nipo, Mama. Nipo hapa."

Nilimwona Bi. Hidaya akilishika daftari kwa mikono miwili, kipaza sauti kimebanwa kwapani. Kisha akaendelea. Kwenye herufi R mtu wa mitambo alipewa ishara, kipaza sauti kikazimwa. Akaendelea bila hicho, kwa ile sauti ya kuamsha bweni, mpaka kwa Ndugu Zuhura Mtambo, na Zuhura akajibu "Nipo!" kwa kelele hata kunguru wakaruka kwenye mikaratusi.

"Itifaki imezingatiwa," alisema Bi. Hidaya, akakaa.

Kwa mila yetu chuo kilikuwa kimefunguliwa. Hakuna aliyetangaza, lakini watu walijua cha kufanya. Walichukua mafagio yao wakaanza kufagia, uwanja wote, kuanzia langoni. Waziri alirudiwa na tabasamu, akasifu usafi wa mazingira, akakata utepe, msafara ukaondoka. Kisha askari wakawatoa watu nje kwa upole na kulifunga lango. Nina tabia ya kuandika saa: tulifungua saa tano na dakika ishirini, tukafungwa saa sita kasoro robo. Dakika ishirini na tano. Walibeba magodoro wakarudi walikotoka, na mavumbi ya kufagia yalikuwa bado hayajatua.

*

Kituo kinaendelea kutafakari. Bi. Hidaya alifariki mwezi wa Mei uliofuata, kifua. Redio ilimwita nguzo ya Mageuzi, aliyevifunga vyuo arobaini na kimoja kwa amani na utulivu. Barua ya kumpangia kazi nyingine ilifika masjala siku ya arobaini yake. Niliipa namba nikaitia kwenye jalada lake. Hakumwambia mtu yeyote habari ya ile sentensi, hata watoto wake; niliwauliza msibani kwa kuzunguka zunguka, hawakujua. Ndiyo maana nawaambia ninyi.

Tarehe sita Julai ya mwaka huohuo nilikuwa mezani, nautazama ukuta kama waraka unavyotaka. Mbele yangu lilikuwa jalada la Kufunga na Kufungua Vyuo, lenye maelekezo ya Katibu Mkuu kwamba nalo lifungwe, lipigwe mhuri, lipelekwe ghalani. Nikasikia mlango, na sauti ikausalimia mgongo wangu.

"Shikamoo, kaka."

Niligeuka. Najua ni kosa, niligeuka mwili mzima. Alikuwa Nyamizi, ana ndoo mkononi, na ndani ya ndoo fagio jipya la chelewa, bado bichi.

"Marahaba, Nyamizi."

"Godoro nimeliacha kwa shangazi, nikasema niulize kwanza." Alitazama lile jalada mezani, akasoma jina lake taratibu kwa midomo, Ku-fu-nga na Ku-fu-ngu-a. "Kaka, tumefungua?"

Jibu nililokuwa nimepewa na serikali lilikuwa fupi, na lilikuwa la kweli. Nililitafuta mdomoni, nikaangalia fagio lile, nikashindwa.

"Bado," nikasema.

"Bado," alirudia, akitikisa kichwa polepole, akilipokea vizuri. "Haya. Basi nitarudi."

Akaondoka na ndoo yake. Neno lile halikuwepo kwenye jalada lolote. Nililiweka mwenyewe, bila kumwuliza mtu, kama nilivyoiweka ile sentensi ya kufungua, na safari hii hakuna wa kunisainia.